Mbuzi wa Mama Mkwe

Shoga, uko wapi? Acha unachofanya usome hii.

Unakumbuka mama mkwe anavyonitambia na ile picha yake? Kwamba ujanani alichorwa na yule mchoraji mkubwa, jamaa akaapa hajawahi kuona uso kama ule? "Mimi nilichorwa. Wewe hata kwenye kitambulisho umetoka kama mwizi." Kila mgeni lazima ahadithiwe!

Basi leo kanilazimisha nimpeleke makumbusho kwenye picha za mchoraji huyo, kavaa hereni zilezile alizochorwa nazo. Kapita vyumba vyote, shingo juu, hajioni popote.

Chumba cha mwisho, picha ya mbuzi. MBUZI, shoga, ukuta mzima.

Mwongoza wageni anasema, "Turubai za kuchorea zilikuwa ghali, kwa hiyo mchoraji alipaka rangi juu ya picha aliyoona haifai. Tumepiga eksrei, chini ya mbuzi kuna mwanamke."

Akatuonyesha hiyo eksrei. Mwanya uleule wa mama mkwe! Hereni zilezile!

Aliyoona HAIFAI, umesikia lakini?

Mama mkwe akauliza, "Huyo mwanamke ni nani?"

"Hajulikani, mama. Labda wa kujifunzia kuchora tu."

Wa kujifunzia kuchora! Nilitafuna mtandio nisicheke.

Akaziba mdomo kuficha mwanya wake, akanigeukia. Mwenyewe anaona aibu, ila macho yananiomba niseme mimi kwamba ni yeye, maana hadithi ile naijua kuliko sala zangu.

Nikatoa simu.

"Mama, sogea kidogo. Unamziba mbuzi."