Mistari ya Kahawa Kando ya Barabara

Ndugu yangu mkubwa Muriuki, Daktari wa kahawa,

Habari ya huko? Sisi huku Kianyaga tuko, na mimi nazidi kupendeza kukushinda, uliza wasichana wa kwaya. Barua za bahasha hukunijibu, basi hii nimeiacha wazi, nikampa dereva wa lori la kahawa akuletee huko chuo kikuu. Anayetaka kuisoma njiani asome. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu hauna aibu.

Unakumbuka siku ile kiwandani, Uhuru ukiwa bado mpya na wewe bado uko na kaptura ya shule? Mizani inakaribia kufungwa, watu wamejipanga nyuma yetu, na wewe ukamwaga buni zetu zote juu ya gunia, ukaanza kutoa mbichi kwa zilizoiva. Mzee Njogu, jirani yetu, akapiga kelele, "We kijana, unatafuta nini hapo, dhahabu?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Natafuta mbichi, mzee. Zikipita hapa zitaharibu za wote." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu, nikajiona mkubwa kwa sababu yako. Tangu hapo nilipigana na kila aliyekuita profesa kwa dharau, na hakuna aliyenishinda. Sawa, yule wa kwa fundi wa baiskeli alinishinda, lakini alikuwa amevaa pete.

Kisha ukaenda chuo, ukaja na utafiti wako wa udaktari. Ulitaka kuonyesha kwamba mkahawa ukikatwa matawi vile unavyosema wewe, upepo upite katikati, ule ugonjwa wa buni nyeusi hautaushika hata bila dawa. Ukachagua mistari ya shamba letu iliyo kando ya barabara. "Hii msiipige dawa hata tone. Hata ikifa, iacheni ife." Mama akaitikia, ukarudi Nairobi.

Daktari, ulisoma sana mpaka ukasahau mama yako ni nani. Mvua ilipokolea, buni zikaanza madoa meusi, pale pale wamama wanapopita wakienda kanisa. Mmoja akasimama, akatazama, akasema, "Mama Muriuki, siku hizi umechoka?" Hayo tu. Kesho yake mama akabeba bomba mgongoni, akaipiga ile mistari dawa ya kopa, ile ya bluu, na mvua ikiiosha anarudia. Nikamwambia, "Mama, si Muriuki alikataza?" Akasema, "Alikukataza wewe. Mimi nilimzaa."

Ulipokuja na kamera, ulipitisha kidole kwa jani kikatoka na bluu. Nilikuwa hapo, nangoja utupe kofia chini kwa hasira. Ukamtazama mama. Mama akatazama barabara. Ukapangusa kidole kwa suruali yangu, yangu, si yako, ukasema, "Haya ni yetu sisi watatu." Halafu ukapiga picha buni safi. Mimi nilicheka, nikafikiri ni mambo ya nyumbani tu. Na siku ya kusherehekea udaktari wako, nilikula mbuzi kuliko wageni wote.

Sasa huyo mbuzi amenikwama kooni. Mwaka jana afisa wa kilimo alizunguka huku na jina lako mdomoni: kateni matawi kama Daktari, dawa wacheni. Njogu akafuata kila neno, kwa sababu ni wewe. Buni zake zikageuka nyeusi kabla hazijaiva, zikaanguka. Juzi amenikuta njiani akaniambia kwa upole, "Pengine sikukata vizuri. Niulizie ndugu yako nilikosea wapi." Ati alikosea! Nikamwambia nitakuuliza.

Na si yeye peke yake. Jumamosi wanachama wa ushirika wa kahawa wanakutana kiwandani kuamua kama chama kitaagiza dawa ya mvua hii ama kitaacha. Wengi wanataka kiache. Dawa ni ghali, na Daktari wetu amesema haihitajiki. Wakiamua hivyo, mashamba yote ya huku yatakuwa kama la Njogu.

Nilimwambia mama nitasimama niseme. Akaniuliza, "Utamvua ndugu yako nguo mbele ya watu?" Nikamjibu, "Na Njogu atavikwa na nani?" Tangu hapo ananipa chai bila kunitaja jina.

Usifikiri nafurahia. Nimejigamba tangu juu ya karatasi, lakini nikiwaza zile nyuso zote zikigeuka kunitazama, natamani Jumamosi isifike. Sijui chuo kitakufanya nini. Bado nakupenda, mjinga wewe. Lakini ukisema mwenyewe, utakuwa mtu aliyekosea. Nikisema mimi, utakuwa mtu aliyeshikwa.

Mkutano ni asubuhi. Nitakaa nyuma karibu na mlango mpaka wafike kwa maneno ya dawa. Ukiingia, nafasi ni yako, na mimi nitafunga mdomo, kitu ambacho hujawahi kuona maishani. Usipoingia, nitasimama. Mama naye amesema nikisimama, yeye pia atasimama. Hajaniambia atasema nini.

Vaa koti ukija, huku kuna ukungu.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.