Huku Mlimani Imenyesha

Mdogo wangu, Mama Sekela,

Redio imetoa utabiri wa msimu. Nilikuwa ghalani nachagua mbegu za viazi, nikaongeza sauti kwa mazoea, kana kwamba nawe huko Chimala ulikuwa unaongeza ya kwako. Wamesema Nyanda za Juu Kusini tutapata mvua za wastani hadi juu ya wastani. Wakamalizia na wimbo wao wa kila mwaka, kwamba wananchi waishio mabondeni wachukue tahadhari. Nikazima. Sikusikia kitu moyoni, si hofu wala huzuni. Nikaendelea na viazi.

Wewe ulikuwa ukiwacheka. Utabiri ukitoka tu unanipigia: "Kaka, umesikia? Wametugawia mvua moja wote wawili." Kisha unafungua kesi yako. "Wastani wa wapi huo? Kwenu mbwa analala jikoni kwa baridi, huku kwetu hata nyoka anatafuta kivuli. Leo tumekuwa kitu kimoja?" Nami nakujibu kwamba redio imekutaja wewe, mtu wa bondeni, mimi wa mlimani sijaambiwa nichukue chochote. Unacheka mpaka salio linakatika, halafu kesho yake unanilaumu mimi kwamba nimekumalizia salio.

Tulizaliwa wote huku juu. Ukaolewa, ukashuka, ukajifunza mpunga ukubwani, na baba yake Sekela alipotangulia ukabaki na jaruba lile zuri la ng'ambo ya mto. Mto wenyewe unaanzia huku kwangu kwenye ukungu, unaporomoka korongoni, unakatiza barabara kuu na kuingia mashambani kwenu. Huku ikinyesha ya kweli, maji yanakufikia baada ya saa moja hivi, wakati kwenu jua linawaka na mbingu haina hata wingu. Anayetazama juu bondeni anadanganyika.

Ndipo tukawa na mpango wetu. Mimi nabipu mara tatu: huku mlimani imenyesha, vuka urudi. Wewe unabipu mara moja: nimesikia, natoka. Tulikwenda hivyo msimu baada ya msimu. Nakumbuka siku uliyovuka na miche kichwani, ukakaa kando ya barabara unatafuna hindi la kuchoma, na maji yalipopita ukanipigia. "Kaka, yamekuja. Yamebeba na gogo." Ulisema kama mtu anayepokea mgeni aliyeahidi kufika.

Sasa niseme la siku ile, maana sijawahi kulisema lote.

Ilinyesha mchana, mvua ya kupiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Lori la viazi lilikuwa limefika na wapakizi wananihimiza, dereva anataka kushuka kabla njia haijaharibika. Nikatoa simu, nikabipu mara tatu, nikairudisha mfukoni, nikashika sindano kushona magunia. Sikungoja jibu. Na sikusahau kungoja, mdogo wangu. Niliona tu kwamba utajibu, kwa sababu ulikuwa unajibu siku zote. Nilipoitoa tena simu, lori lilikuwa limekwisha kuondoka na kwenye kioo hapakuwa na kitu. Nikajiambia labda salio limekuishia, hata la kubipu. Nikaenda kuoga.

Aliyenipigia baadaye alikuwa jirani yako. Simu yako walikuja kuikuta ng'ambo, kwenye kikapu ulichokitundika mtini, wewe ulikuwa katikati ya jaruba umeinama unapandikiza. Ulimaliza kazi yako, ukachukua njia ya kurudi kama siku zote, na mto ukakukuta katikati. Kikapu ulikuwa umekiacha, nadhani mikono ilikuwa imejaa, ukataka kukirudia.

Msibani watu walinishika mkono mmoja mmoja. "Kaka alifanya yake," walisema. "Kaka alibipu." Hata mchungaji alilitaja kwenye mahubiri, kwamba ndugu alitoa taarifa ila saa ilikuwa imefika. Nikaitikia kwa kichwa. Kwaya iliimba, kina mama walilia, mimi nilitupa udongo wangu huku nawaza kama turubai litatosha watu mvua ikirudi. Wanasema mwanaume analilia ndani. Mimi nilichungulia humo ndani, sikukuta mtu.

Kabla sijapanda kurudi mlimani, Sekela alinifuata kwenye pikipiki. Umemwacha mkubwa, anafanana nawe mpaka namna ya kusimama. "Mjomba," akasema, "laini ya mama nimebaki nayo mimi. Usiifute." "Nilikuta umebipu tatu. Mama hakurudisha." Nikamwambia dereva twende.

Tangu hapo nimekuwa kama mguu uliokaliwa vibaya. Nalima, nauza, Jumapili naenda kanisani, nakula ninachopewa. Mke wangu akiniuliza naumwa nini namwambia siumwi, na kweli siumwi. Wiki ile ya utabiri simu ikalia ujumbe, na jina lililotokea ni lako. "Shikamoo mjomba. Nimelima jaruba la ng'ambo. Utakuwa unanibipu?" Nilisoma, nikaiweka simu juu ya kabati. Sikumjibu siku hiyo, wala iliyofuata. Ningemwambia nini? Nikisema ndiyo, naogopa mkono wangu mwenyewe. Nikisema hapana, atavuka bila mtu wa kumwambia, kwa sababu jaruba ndilo ulilomwachia na mahali pengine pa kulima hana. Nikachagua kunyamaza, ambako ndiko kubaya zaidi, na nilijua hivyo wakati nakuchagua.

Juzi ikanyesha. Mchana tena, na lori lilikuwepo tena, maana viazi havina adabu ya kungoja mtu apone. Niliona korongo linageuka rangi. Nikaiacha sindano kwenye gunia, nikatafuta jina lako.

Sikubipu. Nilipiga, nikaacha iite mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Shikamoo mjomba."

"Uko wapi?"

"Niko ng'ambo, napandikiza. Huku jua kali mno."

"Huku mlimani imenyesha. Vuka."

"Sawa mjomba, ngoja nimalizie huu mstari."

"Acha mstari. Vuka sasa hivi, na simu usikate."

Hakukata. Nilimsikia akivuta miguu kwenye tope, akihema, akimwita mwenzake wa jaruba la pili watoke. Kisha nikasikia mto, bado mdogo, maji ya magotini. Wapakizi wakaniita, nikawaonyesha kiganja wangoje. Dereva akapiga honi, nikamgeuzia mgongo. Hatimaye nikasikia malori ya barabara kuu.

"Nimefika barabarani, mjomba."

"Kaa hapo."

Akakaa. Tulisikilizana pumzi, mimi na mvua yangu, yeye na jua lake. Muda ukapita, dereva akazima injini kwa hasira.

"Mjomba," akasema taratibu. "Yamekuja."

Nilitaka kumuuliza yamebeba nini, kama ningekuuliza wewe. Nikajikuta nasema jingine.

"Siku ile niliyombipu mama yako, sikungoja jibu, Sekela. Nilirudi kushona magunia."

Kule bondeni lilipita lori refu, akangoja liishe.

"Najua, mjomba," akasema. "Salio lako litaisha."

"Liishe."

Nilipoishusha simu jina lako lilikuwa bado kwenye kioo, nikakaa juu ya gunia nikilitazama. Dereva alikuja kunigombeza, akaniona, akarudi zake. Ganzi ikianza kutoka mguuni huwa inauma, mdogo wangu, unajua mwenyewe. Basi inauma.

Msimu ndio kwanza umeanza, na wamesema juu ya wastani. Nitapiga kila mara, na nitangoja mpaka nisikie barabara. Pumzika.

Ni mimi,
kaka yako wa mlimani.