Dada, Wimbo wa Miundu Umerudi

Dada Manka,

Shikamoo sikupi. Umeniudhi. Mtu gani anapigwa ngumi na mtoto aliyemzaa mwenyewe, meno mawili yanang'oka, halafu anafunga mdomo mpaka anaingia kaburini? Ulikuwa na panga jikoni. Ulikuwa na mimi mdogo wako, jirani tu. Ungepiga kelele! Ukanyamaza, na wimbo wa miundu ukaenda nao chini ya migomba kama ni shuka lako.

Mwandiko wangu ni wa darasa la tatu, unaujua. Soma hivyo hivyo.

Unakumbuka tulivyokuwa tunashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe? Mizigo kichwani, tunagonga mundu kwa mundu, wewe unaanzisha, sisi tunaitikia. Wimbo wa yule mwanamume aliyewavizia akina mama njiani, wakamzunguka, wakamkata mpaka nyasi zikawa nyekundu. "Ulitutafuta wewe, basi tazama tulivyo wengi." Ukifika hapo ulikuwa unanikanyaga mguu makusudi ili niongeze sauti. Mwanao Aminieli alipopewa kuongoza kwaya ya kanisa akasema huo ni wimbo wa mashetani. Ndiyo sababu akakupiga. Na siku tunakuzika, aliyeongoza nyimbo ni yeye! Nilitema mate.

Sasa sikiliza. Binti yake, Ndeshi, yule mjukuu uliyembeba mgongoni, kasoma mambo ya muziki chuoni. Alirudi na simu yake akawa anazunguka Old Moshi nyumba kwa nyumba, anawauliza vikongwe na kuwarekodi. Mmoja anakumbuka kiitikio tu. Mwingine, yule muuza ndizi wa Kiboriloni, kabakiza mlio wa miundu, maneno hana. Mengine nikampa mimi, na kumgombeza nikamgombeza, maana alikuwa anaimba kwa adabu kama yuko shule ya Jumapili. "Wewe, huyo mtu anakatwa! Mkate!" Akajifunza.

Tukaimba uwanja wa shule, akina mama na miundu yetu, watu wamejaa. Aminieli akaja na fimbo. Akamshika Ndeshi, mtoto wake mwenyewe, nywele, akamchapa mdomoni, pale pale alipokupiga wewe. Damu ikachuruzika mpaka kwenye kanga. Dada, sikuona kitu kingine. Nilimpiga kwa ubapa wa mundu, sikio likapasuka, akaanguka. Wenzangu hawakukimbia, hata mmoja. Walimzunguka, wakagonga miundu juu ya kichwa chake, na aliyeanzisha wimbo ni Ndeshi, meno yake mekundu. Tuliuimba wote, mwanzo mpaka mwisho. Mwanao alilia kama ndama. Sijutii. Akiinua tena huo mkono, na la pili nitalipasua.

Juzi kaja kwangu. Kashika jani la isale, bichi, kalifunga fundo, na debe la pombe ya mbege, akapiga magoti. "Mama mdogo, nisamehe." Unajua isale haikataliwi, ukiletewa ukakataa, laana inakugeukia wewe. Lakini mjinga yule kakosea mlango! Nikamwambia, "Mimi nilikupasua sikio, tumemalizana. Yale meno yalikuwa ya nani? Mpelekee mwenyewe."

"Mama amekufa."

"Kaburi lake si liko nyuma ya zizi lako, au limekupotea?"

Mbege niliichukua.

Nikampa na sharti: isale ataileta kwako huku anaimba. Ndeshi aanzishe, yeye aitikie pamoja na wanawake, kwa ile sauti nene anayoringia kanisani. Ndeshi ndiye anamfundisha. Kidonda chake cha mdomo bado hakijapona, na baba yake hamwonei huruma. Mjukuu wako huyo, siyo kama wewe.

Basi kaa na amani huko, dada yangu. Nimekulilia, na ukiniuliza mbele za watu nitakataa. Nakuapia, hata nikibaki peke yangu kilima kizima, wimbo huu hautafungwa mdomo tena.

Jumamosi tunakuja wote na miundu. Na wewe, ile huruma yako ya kijinga iweke pembeni. Usiipokee isale upesi. Ngoja kwanza afike pale nyasi zinapokuwa nyekundu. Akiruka neno, mwangushie mkungu wa ndizi kichwani aanze upya. Akimaliza, pokea. Hapo ndipo nitakupa shikamoo yako, nawe uiitikie kwa nguvu, nisikie.