Niliing'oa Miche Mitatu ya Maharagwe

Shangazi, shikamoo. Nakusoma kila Ijumaa na sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitakaa mezani nikuandikie mwenyewe, lakini yamenifika shingoni na hapa nyumbani sina wa kunipa neno, kwa hiyo nakusihi unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni fundi wa maabara, nina miaka arobaini na mmoja, mke na watoto wawili. Kwa miaka miwili tumekuwa tukishughulika na kuvu ambayo wataalamu wameibadilisha vinasaba ili iozeshe mizizi ya afyuni, ule mmea unaotoa unga wa kulevya, na isiguse mmea mwingine wowote, halafu imwagwe kule milimani ambako afyuni inalimwa kwa kificho katikati ya mashamba ya chakula. Kazi yangu ni kuimwaga kuvu hiyo kwenye trei ndani ya banda la kioo, afyuni upande huu, mahindi, nyanya na maharagwe upande ule, na kila asubuhi kuandika daftarini nilichokiona. Kazi hiyo niliiomba mwenyewe, Shangazi, kwa sababu ya mdogo wangu wa kike, tulizaliwa wawili tu, fundi cherehani ambaye alikuwa akikutazama tu anajua kipimo chako, unga ukamshika kwa miaka minne, akauza cherehani, akauza hata godoro, mwisho akakutwa amekufa kwenye choo cha stendi, na aliyeitwa kwenda kumtambua ni mimi, nikamtambua kwa pindo la gauni alilolishona mwenyewe maana uso ulikuwa si wake tena.

Kwa hiyo siku ya tisa afyuni zilipoanza kulala, mashina yamekuwa meusi, nilifunga mlango wa banda nikalia kwa furaha, sikufichi. Lakini wiki ya tano, miche mitatu ya maharagwe kati ya ishirini ilikuwa imenyauka, nikapasua mzizi mmoja kwa wembe, nikakuta ndani rangi ya kahawia ileile ya mizizi ya afyuni. Nilijua maana yake, kwamba mradi utasimama, pengine miaka, na huku mitaani mabinti wa watu wanaendelea kuteketea. Niliing'oa ile miche, nikaitia kwenye tanuri la taka, nikapanda mingine mizima ya umri uleule, na daftarini nikaandika "hakuna mabadiliko". Mkuu wetu wa maabara, mama mmoja makini ambaye hajawahi kunitilia shaka, akatia saini.

Wiki iliyopita waliletwa wakulima kutoka milimani waelezwe. Mama mmoja wa makamo aliuliza kuvu yenyewe inajuaje hili ni haragwe na ile ni afyuni, kwani inajua kusoma? Watu wakacheka. Mkuu wangu akanionyesha kwa mkono, akasema huyu ndugu ameitazama mimea hiyo kila siku kwa wiki sita. Yule mama alipita katikati ya viti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Basi kama umeona kwa macho yako, mwanangu, mimi nimeridhika."

Nilimweleza mama yangu. Akasema, "Ukiizuia hiyo dawa, utakuwa umemzika mdogo wako mara ya pili." Malori ya kuipeleka kuvu milimani yanaondoka Jumatatu. Je, nikinyamaza, kwa miche mitatu tu, nitakuwa nimekosa sana?

Fundi wa banda la kioo

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, marahaba, na pole kwa msiba. Hakuna kaka anayepaswa kumtambua dadake kwa pindo la nguo.

Sasa tuelewane. Umenijazia kurasa nne, umeeleza wembe, tanuri na daftari, lakini neno "nilidanganya" halimo hata mara moja. Miche mitatu kati ya ishirini wewe unaiita "tu". Kwa yule mama aliyekushika mkono, hiyo ni chakula cha watoto wake, na kuvu ikishaingia kwenye udongo wa shamba lake hakuna atakayeirudisha kwenye chupa. Uchungu wako ni wa kweli, ila haukukupa ruhusa ya kumweka yeye rehani.

Wasomaji wajue kwamba sikungoja Ijumaa. Barua ilinifikia Jumanne, namba ya simu ilikuwepo, nikampigia, na kwa idhini yake naeleza yaliyotokea. Jumatano asubuhi alikwenda kwa mkuu wake na daftari mkononi. Mkuu huyo alimuuliza ni miche mingapi, akamjibu. Akauliza iko wapi, akasema ameichoma. Akaitazama saini yake mwenyewe, kisha akanyanyua simu na kuyasimamisha malori. Hakumgombeza. Alimwambia arudi nyumbani asubiri barua.

Wewe, basi, sikiliza. Kazi huenda imekwenda, na huenda ukaitwa kujieleza mbele ya wakubwa. Usipeleke visingizio. Andika kwa mkono wako tarehe, idadi, ulichokiona ndani ya mzizi na ulichokifanya, kwa sababu mizizi hiyo imeshakuwa majivu na ushahidi uliobaki ni wewe. Omba uwemo kwenye msafara utakaowaeleza wakulima, na wakikukatalia, panda basi uende mwenyewe. Mkeo mwambie leo. Usimwache asome hapa.

Hao mabinti unaowalilia hawangoji kuvu. Karibu na hiyo stendi ipo zahanati inayowatibu waathirika wa unga, na nimeuliza, inahitaji watu wa kuketi nao. Wewe unajua kuketi na kutazama kila siku. Nenda.

Limebaki la mama yako, na hilo ndilo gumu. Usimpelekee habari hii kwa simu. Nenda Jumapili, mwambie umeizuia wewe. Atalia, pengine atakufungia mlango. Akiufunga, usiondoke. Kaa hapohapo kizingitini, mchana kutwa ikibidi, ajue kwamba mtoto aliyebaki bado yupo.