Usimtume Feza Bado

Yaya wangu Jenerosa, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa mlangoni pa chumba changu hapa Kamalondo. Jua limelainika, na vyerehani vya majirani navisikia kama vinatoka mbali. Goti lako linaendeleaje? Huko Kongolo mvua imeanza? Mimi mgongo unauma, lakini nakula na kulala.

Siku hizi tunajenga ukuta kwenye nyumba ya kulelea watoto. Kuna mama asistanti wa ustawi wa jamii, yule anayeamua mtoto akae na nani. Kutwa yuko mkekani, anatazama watoto wakicheza. Mwenzangu Kabongo alimcheka kwamba analipwa kwa kukaa tu: “Banamulipa juu ya kuikala. Na miye nataka ile kazi.”

Juzi walikuja wanawake wawili na msichana mdogo. Mmoja alimzaa, akaenda kutafuta maisha, sasa anamtaka. Mwingine ni mama mudogo aliyemlea. Asistanti akamuuliza mtoto mama yake ni yupi. Akawaonyesha wote wawili, maana kwetu mama mudogo ni mama. Tukacheka. Mara Kabongo akawasha mashine ya zege, ikanguruma. Mtoto akaruka, akakimbilia kitenge cha mama mudogo, akajifunika humo. Aliyemzaa alibaki amenyoosha mikono.

Nikadhani shauri limekwisha. Kumbe asistanti akamwambia yule wa mikono mitupu: “Mutoto ni wako. Ukuye kila siku, uikale karibu yabo. Atakuzoea pole pole.”

Tangu hapo anakuja. Wanachambua matembele mkekani, wote watatu. Nabeba matofali nikiwatazama kama mtu anayeota, na mara nyingine nyuso zao zinageuka kuwa yako na ya Feza.

Yaya, tulipatana umpandishe binti yangu Feza treni na jirani likizo hii, aje kusoma huku. Godoro lake nimekwisha kununua. Lakini tangu mama yake afariki, wewe ndiye umemlea. Mimi ananijua kwa simu tu. Usimtume bado. Nitakuja mwenyewe, nikae kwenu, kisha tusafiri pamoja nawe, ubaki hapa mpaka anizoee. Msimamizi amesema nafasi yangu hataniwekea. Basi, nitatafuta nyingine.

Nisalimie shemeji na baiskeli zake anazotengeneza, na baba mudogo Ilunga wa kwaya.

Nikifika, msimsukume aje kunisalimia. Nipeni tu kiti karibu yenu, muendelee na mazungumzo kana kwamba nilikuwepo siku zote.

Mdogo wako,
Kasongo