Maski ya Brandon

Jumanne, 4 Machi 2025

Brandon amefariki. Miaka minne. Homa ya mapafu. Mama yake, Bosibori, alimleta zahanati kwetu mgongoni saa tano asubuhi, midomo imegeuka bluu. Hata sijamlaza vizuri, akaacha kupumua. Moyo nao ukasimama.

Okemwa, mwenzangu wa zamu, akakandamiza kifua. Mimi nikashika mpira wa kupulizia hewa. Lakini maski ya mpira huo ilikuwa ya mtu mzima! Ilimfunika kuanzia macho hadi chini ya kidevu, hewa yote ikitorokea mashavuni. Nilibana mpaka vidole vikafa ganzi — kifua hakikuinuka. Dakika ishirini na sita. Okemwa akasema, "Sista, tuache."

Bosibori hakulia. Alimvisha tena soksi iliyokuwa imeanguka.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipata. Maski ndogo, ya mtoto. Ilikuwa store, ndani ya katoni, chini ya glavu, bado kwa plastiki yake. Mimi ndiye niliyepokea katoni hiyo Januari. Sahihi ni yangu.

Bwana Onyiego, msimamizi wetu, anasema mtoto alicheleweshwa nyumbani, pengine hata hiyo isingemsaidia. Nisimwambie mama, nitaleta kesi bure.

Pengine!

Ijumaa, 14 Machi

Mazishi. Sikuenda. Nilisema naumwa na kichwa.

Jumatatu, 17 Machi

Tumeanza mazoezi ya dharura za watoto. Vifaa vyote vya watoto sasa vimetundikwa ukutani, juu ya kitanda cha dharura, maski zimepangwa kwa ukubwa. Mgonjwa wetu ni mwanasesere wa binti yangu Ashley. Mara ya kwanza ilituchukua karibu dakika nzima kabla ya kumpa pumzi. Mara ya nne — sekunde kumi na mbili. Okemwa akapiga makofi.

Nikaenda chooni, nikalia. Sekunde kumi na mbili!

Jumatatu, 24 Machi

Bosibori amekuja. Mkungu mzima wa ndizi kichwani. Kunishukuru! Eti amewaambia watu wa kanisani jinsi nilivyojitahidi na mtoto wake. Nikamsaidia kuutua. Kisha nikamwambia yote. Maski, katoni, sahihi yangu.

Akasema: "Nionyeshe."

Nikaitoa ukutani. Akaiweka kiganjani, akaigeuzageuza. "Siku hiyo ilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha mlango wa store. Akaenda akasimama kando ya kitanda, akatembea kuelekea mlangoni, akihesabu kwa Kikisii, polepole, kama anayepima shamba.

"Hatua tisa. Tisa tu, sista?"

"Tisa, Mama Brandon."

Sasa amekaa nje kwenye benchi, maski bado mkononi. Chai amekataa. Kwenda nyumbani amekataa. Ndizi ziko hapa sakafuni, siwezi kuzigusa. Onyiego anarudi saa nane, sijui nitamwambia nini. Nimempigia Okemwa aje asimame nami, na —

Ameinuka. Anakuja huku.