Risasi za Kichwa Bapa

Baba yangu,

Jana nimeikabidhi polisi bastola yako, ile fupi ya kuenea kiganjani. Askari kaniuliza, "Mzee alikuwa mwindaji?" Nikacheka, mara machozi yakanitoka mbele za watu.

Ningemwelezaje? Ijumaa zetu za mtaa wa Khuweir, hapa Maskati, miaka ya tisini, umetandika gazeti mezani, risasi umezipanga, Mama kanuna kwa kuwa ni meza ya chakula. Mwanafunzi wako mimi. "Skiza, mwanangu. Mtutu mfupi huu, risasi haiwahi kupata mbio. Hizi za tundu kichwani wanazozisifia dukani, ati zafunguka mwilini, tundu likijaa nyuzi za nguo hazifunguki." Za nguvu nazo hukuzitaka: bastola itamruka Mama mkononi, na risasi itatoboa ukuta, na nyuma ya ukuta nimelala mimi. Ukazitaka za kichwa bapa, za taratibu. Lakini kila ukipata, wasiwasi upya! Mama akisema, "Hapa Maskati nani atakuja?" unamjibu, "Hata Unguja tulisema hivyohivyo." Mwaka wa mapinduzi watu wenye bunduki walimtoa kaka yako chumbani ukitazama, mikono mitupu.

Halafu harusi yangu. Nimekaa chumbani na hina mbichi, watu wa bwana harusi wakafika na bunduki zao, wakapiga hewani kwa furaha, desturi yao. Ulijua watapiga. Ruhusa uliwapa mwenyewe. Lakini uliingia mbio, uso umekuparara, ukanivuta sakafuni ukanilalia. Kabati la bastola lilikuwa ubavuni pako na hukulitazama.

"Baba, ni harusi."

"Nyamaza, watakusikia."

Hina yote ikahamia kwenye kanzu yako. Nje vigelegele, na wewe umenifunika mpaka milio ikaisha. Baadaye ukabadilisha kanzu, ukatoka kupokea wageni. Hatukulizungumza tena.

Mpaka hospitali, siku zako za mwisho, unanishika mkono: "Washaondoka?" Nakwambia washaondoka, Baba. Unatikisa kichwa. Nimejaribu kwa upole, nimejaribu kwa ukali, hukuniamini hata siku moja. Nilikuwa nna kazi hiyo tu, ikanishinda.

Bastola wameichukua, na zile risasi zako. Kanzu ninayo. Hina haikutoka.

Lala, Baba. Wallahi washaondoka.

Binti yako uliyemlalia